2po Pamoja

Neno "tupo" lina herufi nne. Ukiandika "2po" zinabaki tatu. Maana yake kila nilipoliandika niliokoa herufi moja. Nimeandika 2po miaka yangu yote ya kumiliki simu, na sijui hizo herufi nilizookoa nimeziweka wapi.

Nianze kwa kujitetea, maana najua mtakavyosema. Mimi Anande si mtu mbaya. Nina haraka tu. Ninafanya kazi kwenye shirika moja hapa Njiro, naandaa semina: wageni wafike, ukumbi upatikane, chai isipoe, mheshimiwa asikalishwe kwenye kiti kibovu. Nipo kwenye magrupu kumi na manne ya WhatsApp. Kwaya, mtaa, wazazi wa darasa la sita, kazini matatu, na harusi mbili ambazo zilishapita lakini watu hawataki kutoka, wanatumiana picha za maua kila asubuhi. Ukitaka kuwajibu wote kwa maneno kamili, utazeeka umekaa chooni na simu mkononi.

Kwa hiyo najibu kwa namba. Mtu ni m2. Kitu ni ki2. Sababu ni 7bu. Jumapili ni j2. Na kubwa lao ni 2po pamoja. Msiba, 2po pamoja. Harusi, 2po pamoja. Mtoto wa jirani kafaulu, gari la mtu limegongwa pale Sakina, mchungaji kahamishwa, wote nawapa 2po pamoja na vile vimikono viwili vya kuomba. Sijawahi kukutana na jambo lililoikataa.

Tena nyumbani kwetu mimi ndiye niliyeuleta mtindo huu. Enzi zile ujumbe mmoja ulikuwa na nafasi ya herufi mia moja na sitini, ukizidisha hata nukta unakatika vipande viwili. Nikawafundisha kaka yangu Eliudi na mdogo wangu Esther. Eliudi alidaka siku ileile. Esther aligoma. "Dada, mimi siwezi kumwandikia mtu hesabu," alisema, na mpaka leo anaandika maneno kamili na nukta mwishoni kama karani wa mahakama.

Mama ndiyo kabisa. Mama yetu, Tabitha, alijifunza kusoma kwenye mafundisho ya kipaimara, kwa Biblia na kitabu cha nyimbo, na humo namba inakaa pembeni kuonyesha mstari. Haiingii katikati ya neno. Siku moja nilimtumia ujumbe kwenye simu yake ndogo ya kitochi: "Mama 2nakuja j2 na wa2 wa ofisini." Akampelekea Esther jikoni. "Hebu nisomee. Huyu ananipa habari, au ananihesabia ng'ombe?" Tulicheka mwaka mzima. Nilicheka kuliko wote.

Sasa sikilizeni.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa tano, mvua zile za kuchosha. Nilikuwa mapokezi ya hoteli nagombana na meneja aliyeniahidi viti themanini akaleta hamsini. Simu ikalia mkononi. Grupu: Familia ya Mzee Gadieli. Gadieli ni baba yetu, marehemu. Humo tupo watu ishirini na watatu, watoto, wakwe, na watoto wa baba wadogo. Nikaona Esther ametuma ujumbe wa sauti, urefu dakika saba na sekunde kumi na mbili.

"We! Dakika saba?" nilisema kwa sauti, meneja akadhani namwambia yeye. "Huyu naye anasoma bajeti?"

Nilijua habari za Esther. Yeye ndiye aliyebaki na mama kule juu Poli, kwenye migomba na kahawa, na ujumbe wake ulikuwa ng'ombe hajala, paa linavuja, mama mguu unamsumbua. Nikaandika haraka: 2po pamoja mdogo wangu. Vimikono viwili. Nikarudi kwenye viti vyangu.

Nilikuwa wa kwanza kujibu. Nyuma yangu wakafuatana. Eliudi: 2po pmj. Thomasi, mtoto wa baba mdogo, yule wa Dodoma: Amina, 2po. Wifi yetu Marta: 2po pamoja mpendwa. Kufika saa saba mchana tulikuwa kumi na saba. Niliangalia ile foleni nikafurahi. Nikamwambia mwenzangu wa kazini, "Familia yetu ina umoja, jamani, wengine wanatafuta huu umoja hawaupati." Nilimwambia hivyo, kwa mdomo wangu huu.

Zikapita siku tisa.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, Eliudi akanipigia. Eliudi ni msimamizi kwenye shamba la maua huko Usa River, na si mtu wa kupiga simu. Ukiona jina lake linawaka ujue kuna jeneza. Nikapokea.

"Anande, mama ana nini?"

"Si mguu? Ana kidonda, Esther alisema tangu Pasaka."

"Nimekutana na mzee wa kanisa hapa sokoni," alisema. "Kanishika mkono kwa mikono yake miwili, ananipongeza. Anasema familia nyingi mgonjwa anafia katikati ya ugomvi, lakini sisi tumekubaliana kwa neno moja, tumeonyesha mfano. Anasema jana mchungaji alipanda kumpa mama chakula cha Bwana kitandani."

Nilikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. "Tumekubaliana nini?"

"Ndicho ninachokuuliza."

"Kwani wewe ulijibu nini kwenye grupu?"

"Nilijibu 2po. Nilijibu hivyo kwa kuwa wewe ulijibu 2po."

"Ile sauti ya Esther uliisikiliza?"

"Wewe je?"

Nyuma yake nilisikia wanawake wa shambani wakicheka wakifunga maua, na mtu akiita namba za maboksi. Eliudi akasema kwa sauti ndogo, "Mungu wangu," akakata simu.

Nilitoka ofisini bila kuaga. Nikakaa ndani ya gari, nikafunga vioo, nikabonyeza.

Kwanza ilikuwa sauti ya Esther, na kuku nyuma yake. "Ndugu zangu, salamu. Jana nilimpeleka mama hospitali. Vidole viwili vya mguu wa kulia vimekuwa vyeusi. Daktari anasema ni kisukari, na vidole hivyo vikatwe wiki hii hii kabla ubaya haujapanda. Mama amekataa. Nimembembeleza tangu jana, nimechoka. Anasema ataongea na ninyi mwenyewe. Nampa simu."

Ikafuata kelele ya simu kukwaruzana na kanga. Halafu mama. Aliongea polepole, kwa sauti ya juu, kama anayetoa tangazo kanisani.

"Mimi ni Tabitha, mama yenu. Wanangu, hamjambo? Baba yenu walianza na kidole. Kidole, halafu wayo, halafu goti, halafu mkaniletea jeneza. Mimi sitaki kuliwa kipande kipande. Nataka kulala kwangu, nizikwe karibu naye nikiwa na viungo vyangu. Lakini sitaki mseme baadaye kwamba mama alikuwa mkaidi. Anande."

Aliponitaja niliitika. Ndani ya gari, peke yangu, nikasema, "Abee, mama."

"Anande, wewe ndiye uliyekaa na baba yako hospitali mpaka mwisho. Wewe uliwasikia madaktari, mimi sikuwepo. Kama ninakosea, niambie, mwanangu, nami nitakwenda kesho asubuhi. Ukisema niende, sitabisha. Kama mpo pamoja nami katika hili, basi niacheni. Nangoja neno lako." Halafu, mbali na simu: "Esther, nimemaliza. Nabonyeza wapi?"

Niliangalia muda. Sauti ilitumwa saa nne na dakika kumi na mbili. Jibu langu lilikuwa saa nne na dakika kumi na mbili.

Nililia mpaka askari wa getini akaja kugonga kioo. Nikamfukuza vibaya, masikini, hana kosa lolote.

Kuna jambo mnapaswa kulijua ili mwone jinsi nilivyo. Baba hakuuawa na kisu. Baba alificha kidonda ndani ya gambuti miezi miwili, anapalilia kahawa nacho, na jioni mama anamfunga majani ya dawa na kitambaa. Tulipomfikisha hospitali ubaya ulikuwa umeshapita kidole. Daktari alinivuta pembeni akaniambia, "Mngemleta mapema tungetoa kidole kimoja, sasa hivi angekuwa nyumbani na kahawa yake." Sikumwambia mama maneno hayo. Ningemwambiaje? Majani alifunga yeye. Nikamwacha aamini kwamba kukatwa ndiko kulikomuua mumewe, nikajiona nimemhurumia. Miaka minane nimejiona mtoto mwema kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo katika watu ishirini na watatu, mmoja tu alikuwa na jibu la swali la mama. Na huyo mmoja alikuwa anatafuta viti.

Nilimchukua Eliudi njia panda ya Usa River, bado ana koti la shambani. Hatukusalimiana. Tulipanda kwenda Poli gari likiteleza kwenye tope, na mahali pa kona ya kanisa likagoma kabisa. Tukaliacha, tukatembea. Nilikuwa na viatu vya ofisini. Nilivua, nikaenda pekupeku kama nilivyokuwa nikienda shule kwenye njia hiyohiyo.

Esther alikuwa nje, karibu na bomba, anafua vitambaa vya kidonda kwenye beseni. Maji yalikuwa na rangi nisiyotaka kuisema. Alituona, akaendelea kufua.

"Mmekuja," alisema.

"Kwa nini hukunipigia?" nilifoka. Ndiyo, nilianza kwa kufoka. Mimi nikiwa na kosa huwa nafoka kwanza. "Jambo kubwa hivi unalitupa kwenye grupu kama tangazo la kikoba? Huna namba yangu?"

Alinyanyuka, akajifuta mikono kwenye kanga. "Jumatano nilikupigia mara mbili. Ulinijibu kwa maandishi. Uliandika, nipo kikaoni, 2taongea baadaye. Ukaandika na 2 yako."

"Ungeniandikia kwamba ni mama!"

"Nilisema kwamba ni mama. Nilisema dakika saba."

Akatoa simu yake kifuani, akabonyeza ule ujumbe, akafungua ile sehemu inayoonyesha nani amesikiliza. Akanyoosha mkono tuone. Yalikuwepo majina mawili, langu na la Eliudi, yote ya leo mchana. Wale wengine wote walioitikia, hakuna hata mmoja aliyewahi kuifungua.

Eliudi alikohoa. "Kwa hiyo ulijua kwamba hatukusikiliza."

"Nilijua Jumanne ileile, kaka."

"Na mama ulimwambia nini?"

"Aliniuliza, Anande amesemaje? Nikamsomea. Nilimsomea kama lilivyoandikwa." Akairudisha simu kifuani. "Nilikuwa na hasira. Miaka minne nipo hapa peke yangu, nikiongea mnanijibu namba. Nikasema leo namsomea, waone. Nilikusudia kesho yake nimwambie ukweli. Lakini alifurahi, dada. Alisema, basi wanangu wapo. Alilala usiku ule, alikuwa hajalala wiki nzima. Kesho yake akaoga, akaagiza mchungaji aitwe. Nikashindwa. Kila asubuhi nilisema leo, na kila asubuhi nikashindwa."

Nilitaka kumpiga kibao. Nilitaka kumkumbatia pia. Sikufanya lolote katika hayo, maana mama aliita kutoka ndani, "Nani hao? Ni Anande?"

Chumbani palikuwa na harufu. Walikuwa wameweka majani ya mkaratusi dirishani, lakini harufu ilikuwepo. Mama alikuwa amelala chali, nywele zimesukwa vizuri, kitambaa cheupe kichwani, macho yanang'aa kwa homa. Mguu ulikuwa nje ya blanketi, umefungwa mpaka juu ya kifundo, na juu ya kitambaa ngozi ilikuwa imevimba na kubadilika rangi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja pekupeku?" Alicheka kidogo. "Na Eliudi. Karibuni. Mmefanya vizuri kuja kuniaga. Nilimwambia Esther, Anande atakuja, amesema yupo pamoja nami."

Nilipiga magoti pembeni ya kitanda. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yote yakayeyuka.

"Mama, mimi sikukusikia."

"Nani?"

"Jumanne ile. Sikukusikiliza. Niliona ni sauti ndefu, nikaandika tu. Sikujua umeniuliza kitu. Nimekusikia leo."

Alinitazama. Halafu akamtazama Eliudi. "Na wewe?"

Eliudi aliinamisha kichwa. Lile jitu zima, lenye watu mia chini yake shambani, liliinamisha kichwa likilia bila kutoa sauti.

"Wote?" mama aliuliza. "Thomasi? Marta?"

Esther, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema, "Wote, mama. Nami nilijua. Nisamehe."

Mama hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Aligeuza uso ukutani, mahali picha ya baba inaponing'inia, na mkono wake ukawa unavuta uzi wa blanketi, unavuta, unavuta. Niliogopa kwamba hatageuka tena. Nikaona nikinyamaza sasa nimemuua kwa mara ya pili.

"Mama, uliuliza swali. Nikujibu?"

"Jibu," alisema, bado anatazama ukuta.

"Baba hakufa kwa sababu walimkata. Walimkata kwa sababu alikuwa amechelewa. Daktari aliniambia kwa mdomo wake. Angekuja mapema wangetoa kidole kimoja tu."

Uzi ukakatika mkononi mwake. Nje nilisikia matone ya mvua yakianza tena kwenye migomba.

"Nani alimchelewesha?" aliuliza.

Niliinama, nikavuta blanketi kumfunika mguu.

"Anande. Nani alimchelewesha baba yako?"

"Mama..."

"Ni mimi," alisema. "Majani nilifunga mimi. Ulijua miaka yote hii, ukanyamaza." Akageuka, akanitazama usoni, na macho yake yalikuwa makavu. "Na mimi je? Nani amenichelewesha mimi?"

"Ni mimi, mama," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama alivyokuwa akifanya zamani nikipata jibu sahihi kwenye katekisimu.

"Nilikuwa tayari," alisema. "Nilidhani nakufa wanangu wote wapo. Hilo lilinitosha, nisingeomba kingine. Kumbe nilikuwa peke yangu na Esther. Sasa siwezi kufa hivyo. Nibebeni."

Eliudi alimbeba mgongoni, kama mama mwenyewe alivyombeba yeye. Esther alishika mguu usigonge kitu, mimi nikatangulia na mwavuli ambao haukumfunika mtu yeyote. Tulishuka kwenye tope mpaka kwenye gari, nalo kwa kuteremka likakubali. Kila Eliudi alipoteleza mama aliuma meno, lakini hakulia. Alisema neno moja tu, tulipopita kaburi la baba pale kwenye kahawa. Alisema, "Nisamehe, Gadieli."

Hospitali daktari alifungua vitambaa, akafunga tena. Alikuwa kijana, mpole, akaniita pembeni kama yule wa miaka minane iliyopita alivyoniita. Nikamwambia, "Usinivute pembeni. Sema hapa, asikie mwenyewe." Akasema. Juu ya goti, leo hii, na hata hivyo hana uhakika. Mama akamuuliza, "Na ningekuja wiki iliyopita?" Daktari akatazama faili. "Vidole viwili, bibi. Imeandikwa hapa." Mama akasema, "Haya. Nipe kalamu," akatia sahihi kwa maneno kamili, Tabitha Gadieli, herufi moja baada ya nyingine, wauguzi wakimsubiri.

Aliamka kesho yake. Nashukuru Mungu kwa hilo, na ninasema wazi, kwa sababu sikustahili. Siku mbili hakuongea na mimi. Nilimlisha uji, nilimgeuza, nilimwosha. Alifungua mdomo kwa kijiko na kuufunga. Kazini walinipigia, sikupokea. Magrupu yalifika ujumbe mia tatu na kitu, nikayaacha.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, mama akasema, "Leta hiyo simu yako. Nataka kuwaambia wenyewe."

Nikamshikia karibu na mdomo. Akajiweka sawa kwenye mto.

"Mimi ni Tabitha, mama yenu. Nipo hospitali. Mguu umekatwa juu ya goti, lakini mimi nipo." Halafu akaanza kuwataja. Sikutegemea. Aliwataja mmoja mmoja, wote ishirini na watatu, pamoja na wakwe. Marta, yule ng'ombe uliyemnunua amezaa? Thomasi, mtoto wako bado anakohoa? Umemtoa kwenye ile nyumba yenye unyevu? Kila mtu na jambo lake. Alikuwa anayabeba yote hayo kichwani, kule juu, peke yake, mwaka hadi mwaka. Alipumzika mara mbili kunywa maji. Mwisho akasema, "Mnijibu kwa midomo yenu. Nataka kusikia sauti." Akaniangalia. "Sasa unabonyeza wapi?"

Nikabonyeza. Dakika tisa na sekunde arobaini.

Simu ilitetemeka kabla sijaiweka mezani. Thomasi, kutoka Dodoma: 2po pamoja mama mkubwa. Vimikono viwili. Ikatetemeka tena. Marta: 2po pamoja mpendwa, Mungu ni mwema. Tena: Amina, 2po. Tena: 2po pmj. Zilikuwa zinaingia zinasukumana, kama vile mtu amemwaga mahindi sakafuni, na ule ujumbe wa mama ulikuwa haujafika hata dakika moja tangu uondoke.

Mama alikuwa anaisikia mitetemo. Uso wake ulikuwa umechangamka kwa mara ya kwanza tangu tushuke mlimani.

"Eh, wamejibu wote hao!" alisema. "Wamesemaje?"

Nilifungua ile sehemu Esther aliyonionyesha. Hapakuwa na jina hata moja.

"Bado hawajasikia, mama," nikamwambia.

Nikafunga grupu, nikatafuta namba ya Thomasi, nikapiga. Ililia mpaka ikakata. Nikapiga tena.